Mkaidi, ao hasikii?

Mara nyingi sisi walimu twamwita kijana mkaidi kwa sababu haitiki. Je, masikio yake yamepimwa?

Huko Marekani wataalamu hawakuridhika na kuwauliza vijana kama wanasikia vema. Waliwaketisha mahali patulivu, wakawatia vyombo vya kusikilizia masikioni, wakawapigia milio mizito na myembamba, wakiipunguza hata isisikike tena. Katika miaka 1988 hadi 1994, kati ya vijana 100 wenye miaka 12 hadi 19, wapata 15 walionekana wamepungukiwa. Katika 2005 na 2006 walikuwa wapata 20. Wengi walipungukiwa kidogo tu, tena katika sikio moja.

Upungufu mdogo haumfanyi mtoto kiziwi. Lakini sauti nyembamba kama s na f zaweza kumpotea, na neno la mwalimu likamfikia nusu.

Hesabu hiyo ni ya Marekani, si ya kwetu. Fundisho lake latufaa hata sisi. Kabla ya kumkemea mtoto, tumketishe mbele, tena tumpeleke kwa mganga apimwe. Huenda tumekuwa tukimwadhibu kwa maneno asiyoyasikia.