Kweli au Si Kweli: Dirisha la Picha za Stereo, Isimila hadi Ngozi

Picha ya stereo ni jozi: moja ya jicho la kushoto, nyingine ya jicho la kulia. Mwaka 1838 Charles Wheatstone alieleza jinsi ubongo unavyoziunganisha na kuona kina. Ukiitazama jozi hiyo kwa stereoskopu, fremu huonekana kama dirisha lenye umbali wake. Anayelisahau dirisha hilo hupata picha inayoumiza macho, hata mandhari iwe nzuri kiasi gani.

"Lazima uwe na kamera ya lenzi mbili."
SI KWELI. Nguzo za mawe za Isimila, karibu na mji wa Iringa, hazisogei. Simu moja yatosha. Piga, sogea kulia sentimita 6 au 7, sawa na nafasi kati ya macho yetu, kisha piga tena bila kuigeuza simu. Mtu akipita katikati ya mapigo mawili, rudia.

"Kitu kikijitokeza mbele ya fremu, picha hunoga."
SI KWELI KILA MARA. Nguzo iliyo mbele ya dirisha ikikatwa na ukingo wa kushoto au wa kulia, macho huiona iko karibu, ilhali ukingo unaifunika kana kwamba iko nyuma. Ubongo hushindwa kuamua. Kimondo cha Mbozi, jirani na Mbeya, kinaweza kujitokeza vizuri mradi kikae kizima ndani ya fremu.

"Ukingo wa juu na wa chini hausumbui sana."
KWELI. Macho yamekaa kushoto na kulia, na tofauti ya picha hizo mbili iko upande huohuo.

"Picha ikishapigwa, dirisha halirekebishiki."
SI KWELI. Kata kidogo upande wa kushoto wa picha ya kushoto, na kiasi kilekile upande wa kulia wa picha ya kulia. Mandhari yote itarudi nyuma. Ndiyo maana unapopiga uache nafasi pembeni.

"Sentimita 6 zinatosha popote."
SI KWELI. Ziwa Ngozi, ukilitazama kutoka juu ya kreta, litatoka bapa. Wapigapicha wa stereo hufuata kanuni ya moja kwa thelathini: kitu cha karibu kabisa kikiwa mita 30, sogea mita 1. Lakini kwa hatua hiyo, tawi lililo karibu nawe litaruka mbele ya dirisha na kukatwa na ukingo. Hama hadi lisionekane katika picha zote mbili, ndipo upige.