Askari Mstaafu Aanzie Wapi? Ofisi Zinazohusika na Nyaraka Zinazohitajika

Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake, wakiwamo waliopigana Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Walionusurika katika vita hivyo sasa ni wazee, na wapo wanaochelewa kupata haki zao kwa sababu tu wamebisha hodi katika ofisi isiyohusika.

Pensheni

Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina, chini ya Wizara ya Fedha. Halmashauri haiwezi kuiongeza wala kuirejesha. Mstaafu ambaye malipo yake yamesimama aulizie kwanza uhakiki, kwa kuwa asiyehakikiwa huweza kusitishiwa malipo hadi ajitokeze. Ieleweke pia kwamba mgambo walioitwa vitani kisha wakarejea makwao wana hali tofauti: kushiriki vita pekee hakumfanyi mtu kuwa mpokea pensheni.

Huduma za Halmashauri

Barua ya utambulisho hutolewa na Mtendaji wa Kijiji au Mtaa. Ofisa Ustawi wa Jamii huwahudumia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza watibiwe bila malipo. Mstaafu mwenye ulemavu anaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu.

Majina na mirathi

Jina lililo katika barua ya kustaafu lisipolingana na la kitambulisho cha Taifa, shauri hukwama. Ni vyema mstaafu alishughulikie kwa hati ya kiapo angali hai, kwani mjane wake hupata taabu zaidi kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Mjane naye huhitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo na uteuzi wa msimamizi wa mirathi uliofanywa na mahakama. Nyaraka hizi zihifadhiwe katika jalada moja ambalo familia inalijua.

Tahadhari

Mstaafu hatakiwi kulipia chochote ili alipwe pensheni yake. Anayepigiwa simu na kutakiwa kutuma fedha ili mafao yake yaharakishwe asitume, bali atoe taarifa polisi au kwa Mtendaji wa Kata.