Msiizibue Chuchu ya Ng'ombe

"Daktari, chuchu imeziba. Niizibue na nini?" Swali hili hunikuta sokoni Arua, hunifuata hadi Koboko, na kule Lobule mfugaji mmoja aliniuliza huku ameshika spoku ya baiskeli, ncha yake imeshanolewa kwenye jiwe. Jibu langu halibadiliki: usiizibue na chochote. Haijaziba.

Yale mabonge unayoyaona ukikama, pamoja na ule uvimbe na joto, hayakusababishwa na uchafu uliokwama. Ni seli nyeupe za damu, protini za maziwa zilizoganda na mabaki ya bakteria. Bakteria wakishaingia, seli walinzi zilizomo kwenye maziwa huwatambua na kutoa ishara, na ndani ya saa chache seli nyeupe ziitwazo nyutrofili humiminika kutoka kwenye damu. Kiwele chenye afya kwa kawaida huwa na seli zisizofika 100,000 kwa mililita moja ya maziwa. Kilichoshambuliwa huweza kuwa na mamilioni. Ng'ombe anapigana, nawe unamwendea na chuma.

Chuma hicho kinapita wapi? Kwenye ncha ya chuchu kuna mfereji wenye urefu wa sentimita moja hivi, uliobanwa na msuli wa mviringo. Ndani umetandwa keratini, protini ileile ya kwato, yenye mafuta yanayodhoofisha bakteria. Kwangu mimi hii ndiyo kinga kuu ya kiwele, kwa sababu ikishapitwa vita huwa vigumu: nyutrofili ndani ya maziwa humeza pia matone ya mafuta na protini ya maziwa, nguvu zikawapungua kabla hawajawamaliza bakteria. Sasa wewe unaingiza spoku, au njiti ya ufagio. Unaikwangua keratini, unaichana ngozi laini ya ndani, na bakteria waliokuwa nje unawasukuma mpaka ndani. Kidonda kikipona huacha kovu, kovu linaubana mfereji. Hapo ndipo chuchu inapoziba kweli, na mara nyingi ni kwa maisha yote.

Wengine hufungua vidonge vya rangi mbili, wakapuliza unga wake kwa mrija wa peni. Mrija huo unapita kwenye mfereji uleule. Unga huo ulitengenezwa kwa tumbo la binadamu, si safi kwa kiwango kinachotakiwa ndani ya kiwele, na hakuna anayejua kiasi gani kimefika wapi.

"Lakini jirani alifanya, ng'ombe akapona." Nimechoka kulisikia hili, kwa hiyo nilieleze vizuri. Maambukizi ya bakteria aitwaye E. koli mara nyingi huondolewa na kinga ya ng'ombe mwenyewe. Jirani akasifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Stafilokoka, bakteria mwingine, ni mkaidi zaidi: hujificha ndani ya seli zilezile zilizokuja kumuua. Uvimbe unashuka, jirani anatangaza ushindi, na baada ya wiki chache robo ileile ya kiwele inavimba tena.

Msiniambie pia kwamba ng'ombe wa babu zetu hawakuhitaji daktari. Ng'ombe wa kienyeji wa lita mbili si chotara wa Friesian wa lita kumi. Ng'ombe wa maziwa mengi mara nyingi huwa na mfereji mpana zaidi, wengine huvuja kabla ya kukamwa, na msimu wa mvua akilala kwenye tope la boma, bakteria hawana safari ndefu.

Fanya hivi. Osha mikono, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kamia michirizi ya kwanza kwenye chombo cheusi uone mabonge. Koroga gramu 30 za sabuni ya unga kwenye lita ya maji, changanya sawa kwa sawa na maziwa ya kila robo, uzungushe: yakiwa mazito na kuvutika, seli ni nyingi. Kipimo cha namna hii kilitolewa na Schalm na Noorlander huko California mwaka 1957. Mgonjwa mkame wa mwisho, mara nyingi kwa siku. Baada ya kukama chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mpe majani asimame walau nusu saa mpaka mfereji ufunge. Dawa ya tyubu achague daktari. Maliza dozi yote, na maziwa yasinywewe wala yasiuzwe, hata ng'ambo ya mpaka huko Ariwara, mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Unapomkausha maziwa kabla ya kuzaa, muulize daktari kuhusu tyubu ya kipindi hicho. Anayerudiwa na ugonjwa kila mara muondoe kundini.

Na ukiona bonge la kwanza, mpigie daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo, kabla jirani hajafika na njiti yake.