Ngitili: akiba ya nyasi na hesabu ya kaya

Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania, hupata mvua ya kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi. Kaya nyingi za Wasukuma huko hulima na kufuga kwa pamoja. Hulima mtama, mahindi, viazi vitamu, mpunga mbugani na pamba ya kuuza. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu akitaka kujua jinsi kaya ya namna hii inavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kuuliza mvua imepungua kiasi gani hakumfikishi mbali. Afuate mwaka wa kaya mwezi kwa mwezi, aone unakatikia wapi.

Hukatikia mwisho wa kiangazi. Baada ya mavuno mifugo hula mabua mashambani, na mabua hayo huisha mapema. Kufikia Septemba na Oktoba malisho ya wazi yamebaki vumbi. Ng'ombe hupungua uzito, maziwa hukauka, na maksai wa kulimia hudhoofika. Hao maksai ndio kiungo ambacho watu wa nje ya kilimo hiki hukisahau. Mvua za kwanza zinaposhuka, shamba linatakiwa kulimwa mara moja, na plau huvutwa na wanyama waliotoka tu kushinda na njaa. Maksai wasipoweza kusimama kazini, kaya huchelewa kulima, na mahindi yaliyochelewa hukutwa na jua kabla hayajakomaa. Kwa hiyo upungufu wa nyasi mwezi wa Oktoba huonekana kama upungufu wa nafaka mwezi wa Mei mwaka unaofuata.

Kiungo cha pili ni bei. Chakula kikipungua ghalani, kaya hupeleka ng'ombe mnadani. Lakini majirani wote wamepungukiwa wakati uleule, na ng'ombe wote wamekonda. Mnada hujaa mifugo, bei yake hushuka, na bei ya nafaka hupanda. Tuchukue mfano wa kubuni. Kaya inahitaji magunia 6 ya mahindi kufika mavuno mapya. Mwezi wa Juni ng'ombe mmoja mnene ananunua magunia 6; mwezi wa Novemba aliyekonda ananunua magunia 2. Iliyouza Juni imetoa ng'ombe mmoja. Iliyongoja hadi Novemba imetoa watatu, na pengine mmojawapo ni maksai. Mvua ni ileile kwa kaya zote mbili. Tofauti yao imetokana na nani alilazimika kuuza, na lini.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingia hapo. Joto linapozidi, udongo na majani hupoteza maji haraka zaidi kwa uvukizi, hivyo hata mvua ya kiasi kilekile hukuza nyasi chache. Katika ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, watafiti wa World Weather Attribution walionyesha kwamba uvukizi uliosababishwa na joto uliufanya ukavu uwe mkali zaidi kuliko ambavyo upungufu wa mvua peke yake ungefanya. Shinyanga iko nje ya eneo hilo, lakini kanuni ya uvukizi haibadiliki. Zaidi ya hapo, mvua inapoanza bila utaratibu, muda wa kulima na kupanda hubana, na maksai mwenye nguvu huwa na thamani kubwa kuliko zamani.

Sasa tuitazame ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue bila kuliwa, kisha likafunguliwa katikati ya kiangazi, mara nyingi Julai au Agosti, mabua yanapokwisha. Hufunguliwa kipande kwa kipande, si lote kwa siku moja. Ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na maksai mara nyingi hutangulizwa. Zipo ngitili za kaya, zenye hekta chache, na ngitili za kijiji, zilizo kubwa zaidi. Ulinzi hutegemea sheria ndogo za kijiji, sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji), na dagashida, yaani mkutano wa jadi unaomtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Upande wa chakula cha watu, kaya hizohizo hukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa kwa kazi kama hiyo: kuvusha cha msimu wa neema hadi msimu wa dhiki.

Utaratibu huu uliwahi kukaribia kutoweka. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakapanuka. Kisha uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, uliwatenga wengi na ngitili zao. Ardhi ikawa ya wote, na mlinzi hakuwepo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini. Kazi kubwa ilikuwa kukubaliana nani afunge eneo gani.

Ngitili ina mipaka yake. Nyasi zilizosimama hadi Septemba zimekomaa na protini yake imeshuka. Humzuia ng'ombe asikonde haraka, lakini hazimnenepeshi. Ndiyo maana wenye uwezo huongeza mashudu ya pamba. Msimu ukikauka kabisa, hata eneo lililofungwa hutoa kidogo. Tena kaya yenye ekari mbili haiwezi kufunga moja. Hulazimika kukodi nyasi za jirani kwa fedha au kwa kazi, na ngitili za kijiji zikigawanywa kimyakimya kuwa mali ya wachache, kaya hiyo hubaki bila mlango.

Njia nyingine ya kale ni kuhama. Wafugaji wengi wa Kisukuma walishuka kusini hadi Rukwa, Usangu na Kilombero. Kuhama ni jibu la busara pale mvua inaponyesha mahali pamoja na kukosa pengine, lakini hutegemea kupokewa. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu kwa sababu ya maji ya Mto Ruaha Mkuu, na waliofikia huko walisukumwa tena mbele, hadi Lindi.

Baada ya hesabu hiyo, ninaona kwamba ngitili inasaidia kwa sababu inaipa kaya hiari ya wakati: kulima mvua ya kwanza, na kuuza kabla mnada haujafurika. Hiari hiyo haitokani na nyasi peke yake. Inatokana na haki ya kuzuia ng'ombe wa mwingine asiingie Februari, na uhakika kwamba Agosti eneo litakuwa bado lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume. Wanawake ndio wanaochuma kuni, uyoga na mboga za porini ndani ya ngitili, lakini kwa desturi ngitili huhesabiwa kuwa ya mume, na mjane anaweza kuipoteza msimu uleule anaoihitaji zaidi. Halmashauri za vijiji zinapopanga matumizi ya ardhi, zianze hapo: ngitili za kijiji zichorwe kwenye ramani kabla hazijagawanywa, na hati za ngitili za kaya ziandikwe kwa jina la mume na la mke.