Mwindo: shujaa wa Kivu anayekaa ndani ya kitabu cha mbali

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu ni muhusika gani wa kitabu anayemupenda, anaweza kukutajia jina alilolikuta kwenye masomo ya Kifaransa. Labda Toundi wa Ferdinand Oyono, yule boyi wa Kameruni mwenye kuandika katika daftari mambo anayoyaona kwa mzungu wake. Ao mtoto wa Camara Laye, kule Gine, anayeacha wazazi na kufuata masomo mbali. Hao wanabaki kichwani juu wana shida ambayo msomaji anaijua: dharau ya mkubwa, ao kuachana na nyumbani.

Lakini kuko muhusika mwingine, wa milima yetu kabisa, ambaye vijana wengi wa muji hawajamusoma. Jina lake ni Mwindo.

Mwindo anatoka kwa Wanyanga, katika teritware ya Walikale. Leo Walikale iko Kivu ya Kaskazini, lakini mbele ya mwaka 1988 yote ilikuwa jimbo moja la Kivu, na makao makuu yalikuwa Bukavu. Mwaka 1956, mzee mmoja msimuliaji, Shekarisi Rureke, aliisimulia hadithi hiyo kwa siku 12: aliimba, alicheza, aliigiza, na watu wakamwitikia. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji wa IRSAC, ile taasisi iliyojenga kituo cha Lwiro kule Kabare, aliiandikisha pamoja na wasaidizi Wanyanga. Mmoja wao ni Kahombo Mateene, aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza.

Hadithi yenyewe inasema hivi. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, anawakataza wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Anataka wasichana tu, juu wao wanamuletea mali ya ndoa. Mwindo anazaliwa, na saa ile ile anatembea na kusema. Baba anajaribu kumuua kwa mkuki, inashindikana. Anamufunga ndani ya ngoma na kumutupa mtoni. Mtoto anaimba ndani ya ngoma, anasafiri majini mpaka kwa shangazi yake Iyangura, dada ya Shemwindo.

Nyuma ya hapo Mwindo anarudi na nguvu. Tubondo inateketea, na baba anakimbilia chini ya ardhi, kwa Muisa. Mwindo anamufuata huko mpaka anamukamata.

Hapo ndipo hadithi inamshangaza msomaji. Mwindo hamuui baba yake. Anamurudisha Tubondo, anafufua watu waliokufa, kisha anaita mkutano mkubwa. Mbele ya wote, Shemwindo anaeleza mwenyewe ubaya aliofanya. Iyangura naye anasema bila kuogopa, anamulaumu ndugu yake kwa kubagua watoto. Ni mwanamke ndiye anayemwambia mfalme ukweli mbele ya raia. Kisha mtoto anasamehe.

Na mambo hayaishi hapo. Mwindo mwenye kushinda anapenda kujisifu. Anapomuua Kirimu, mnyama wa kutisha wa porini, kumbe alikuwa rafiki ya Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamupandisha juu mbinguni. Huko mvua inamupiga, jua linamuchoma, na hana wa kumuokoa. Anaonywa asiue tena wanyama. Anaporudi amekuwa mtu mwingine: anawaambia raia walime, waishi bila ugomvi, wapokee kila mtoto, wa kike na wa kiume.

Toundi anamufundisha msomaji kumtazama mkubwa bila kudanganyika. Mwindo anamupa swali lingine, na katika mashariki ya Kongo swali hilo si la vitabu tu: ukishamushinda aliyetaka kukuua, utafanya nini? Hadithi inajibu kwa hatua tatu. Kwanza ukweli usemwe mbele ya wote. Kisha msamaha. Mwishoni, hata aliyeshinda afundishwe mpaka wake. Anayeruka hatua ya kwanza, msamaha wake unabaki maneno matupu.

Shida ni kwamba kitabu hicho kiko katika Kiingereza na Kinyanga, na mtoto wa Kadutu ao Bagira anasoma Kifaransa na kusema Kiswahili. Lakini Mwindo alikuwa sauti mbele ya kuwa kitabu, na Rureke hakuhitaji karatasi. Mwalimu anaweza kuisimulia darasani kwa Kiswahili katika saa moja. Na mwenye mzee nyumbani anayejua hadithi za kwao, iwe Kinyanga, Mashi, Kirega ao Kifuliru, telefone ya mkononi inatosha kurekodi sauti yake. Inafaa kufanya hivyo wakati mzee angali anasimulia.