Mgeni Aliyeomba Jembe

Mwishoni mwa Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL alipokerwa na jambo dogo. Kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kulichukua sekunde 0.8 badala ya 0.3. Wengi wetu tungeulaumu mtandao tukaenda kunywa chai. Yeye alifukua, na tarehe 29, Ijumaa Kuu, akatangaza alichokikuta: ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila kompyuta ya Linux, mtu alikuwa ametoboa mlango wa siri. Mwenye ufunguo wake angeweza kuamrisha seva za watu bila nywila yoyote.

Na mtu huyo hakupitia dirishani. Alikaribishwa.

Msimbo wa programu huria uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuripoti hitilafu au kuleta kiraka, yaani rekebisho analolipendekeza. Kuleta ni haki ya kila mtu, ila kupokea ni kazi ya wachache. Mtunzaji ndiye husoma kiraka mstari kwa mstari, akauliza sababu, akadai majaribio, na mara nyingi akakataa. Linux ina ngazi nzima ya watunzaji, na kiraka hupanda kutoka mkono hadi mkono mpaka kimfikie Linus Torvalds, mwanzilishi wake. xz ilikuwa na Lasse Collin wa Finland, peke yake, bila mshahara.

Mwishoni mwa 2021 alibisha hodi mchangiaji aliyejiita Jia Tan, na viraka vyake vilikuwa na manufaa. Mwaka uliofuata majina mengine mageni yakaanza kumsonga Collin: mbona viraka vinakawia, kwa nini asimkabidhi mwingine? Akajibu kwamba afya yake si nzuri na kwamba hii ni kazi ya mapenzi tu, hailipwi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu aliliomba jembe mwenyewe, akalima kwa bidii, na kufikia 2023 alikuwa na mamlaka ya kupitisha viraka na kutoa matoleo.

Sumu yenyewe ilitoka Februari 2024, katika toleo 5.6.0. Ilifichwa kwenye mafaili ya majaribio ambayo jicho la mtu haliwezi kuyasoma. Hati fupi ya kuiamsha haikuwemo kabisa katika hazina ya msimbo wanayoikagua wachangiaji. Ilitiwa kwenye kifurushi cha toleo pekee. Ni mpishi anayekuonyesha sufuria hii, kisha anakupakulia kutoka ile. Chakula kilishafika kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux ya Debian na Fedora kabla hakijagunduliwa.

Dawa zinajulikana: kiraka kisomwe na watu wawili, kifurushi kijengwe moja kwa moja kutoka hazina ili yeyote aweze kukijenga tena na kulinganisha. Lakini sheria ya watu wawili utaitekeleza vipi mahali penye mtu mmoja?

Mimi linaloniganda zaidi ni tofauti ya malalamiko mawili. Wale wa 2022 walileta swali la "lini?" tu, wakamwachia Collin mzigo wote. Freund alileta vipimo vya muda, namba za matoleo, njia aliyoifuata, hata hati ya kumsaidia mtu kujua kama mashine yake imeathirika. Ripoti ya namna hiyo humpunguzia msomaji kazi kabla hajaigusa, na mradi wowote unaoandika mwongozo wa kuripoti hitilafu ungeweza kuiiga ilivyo.

Collin alirudi, akaanza kupitia upya aliyoyaacha Jia Tan. Tarehe 29 Mei, miezi miwili kamili baadaye, akatoa toleo 5.6.2, mlango umeng'olewa.