Maji yakivuka mgongo wa Mau hayarudi

Na Mwandishi Wetu

HAPA pwani kikombe cha chai ni sehemu ya adabu. Mgeni akibisha hodi, kabla hajaulizwa haja iliyomleta, birika limeshatiwa motoni. Iwe chai ya rangi yenye iliki, iwe ya maziwa na tangawizi, na mahamri pembeni, ndiyo ifunguayo mazungumzo barazani. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza majani yale yametoka wapi, na yalinyweshwa na mvua gani kabla ya kuja kutumbukizwa katika birika zetu.

Mengi ya majani hayo hutoka Kericho na Bomet, nchi ya Wakipsigis, magharibi ya Bonde la Ufa. Yakishachumwa na kukaushwa viwandani huletwa Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanywa tangu mwaka 1969, kisha hupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Wako watu wengi wa mji huu ambao riziki yao imo katika maghala ya chai na kazi za bandarini. Basi mto ukipungua Kericho, habari hiyo si ya watu wa mbali.

Na habari yenyewe ndiyo hii. Mwaka 2017 wakulima na viongozi wa nchi hiyo ya chai walisimama kupinga mpango wa kuyachukua maji ya mto wao mmoja, uitwao Itare, na kuyapeleka katika majumba ya Nakuru, mji ulio upande wa pili wa mlima. Aliyesikia kwa mbali alidhani ni ubahili tu wa watu wenye mvua nyingi. Lakini ukiyachungua madai yao, msomaji, utaona kuwa yana uzito, na kwamba hata sisi wa pwani yanatugusa.

NCHI YA MVUA

Msafiri atokaye pwani akafika Kericho hupigwa na mambo mawili: baridi na ukijani. Mji uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni karibu mara mbili ya ile tuipatayo Mombasa. Asubuhi jua huwaka vizuri; alasiri mawingu hujikusanya juu ya msitu, na mara nyingi mvua hushuka pamoja na mawe ya barafu ambayo huyachanachana majani ya chai na kumtia mkulima hasara.

Mvua hiyo ina mlinzi wake. Mashariki ya mashamba ya chai umesimama msitu wa Mau, ambao pamoja na sehemu zake zote ulihesabiwa kuwa na hekta zipatazo 400,000. Msitu huo huinyonya mvua, huihifadhi ardhini, kisha huitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Humo ndimo utokamo mto Nyangores, upitao Bomet mjini na hatimaye kuwa sehemu ya mto Mara, unaowanywesha wanyama wa Maasai Mara na wa Serengeti katika nchi ya Tanzania. Humo pia hutoka Itare, Kiptiget na Kipsonoi, ambayo mwishowe maji yao hukutana katika mto Sondu, nao Sondu huingia Ziwa Viktoria.

Wakipsigis tangu zamani ni wafugaji. Maziwa yao huyagandisha ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, yakawa mursik, na mursik kwao ni kinywaji cha heshima kama ilivyo kahawa kwetu. Mambo ya jirani na jirani, kama mpaka wa shamba au njia ya ng'ombe kwenda mtoni, huzungumzwa katika kokwet, yaani kikao cha watu wa mtaa mmoja chini ya wazee wao. Kila mtu husikilizwa, hata kama mazungumzo yatachukua siku nzima. Kwa watu wa desturi hiyo, kumgusia mtu mto wake bila kukaa naye kikao ni kumvunjia heshima kabla ya kumpunguzia maji.

MPANGO WA BWAWA

Mpango wa serikali ulikuwa kujenga bwawa la mita 57 kwenda juu katika msitu wa Ndoinet, upande wa Kuresoi. Maji yangepitishwa katika handaki la kilomita zipatazo 14 chini ya mlima, yatokee upande wa mashariki na kuteremka mpaka Molo, Njoro, Rongai na Nakuru. Kila siku zingepita mita za ujazo 100,000, ambazo ni lita milioni 100. Kandarasi ilipewa kampuni ya CMC di Ravenna ya Italia, kwa mkopo wa mabenki ya Ulaya.

Haki yataka tuwape nafasi na watu wa Nakuru. Mji wao umekua kwa kasi, na tarehe 1 Desemba 2021 ulipewa hadhi ya jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Nakuru ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2. Mitaa mipya ya nyumba imepanda mpaka mashambani, na mwenye nyumba hufungua mfereji akasikia upepo tu. Wakichimba visima, maji ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na madini ya floraidi kupita kiasi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kuidhuru mifupa. Mama wa Nakuru anayetafuta maji safi ya kumpa mwanawe si adui wa mtu yeyote.

Lakini yafaa kukumbuka kwamba bomba hufuata nyumba, na nyumba nazo hufuata bomba. Maji yakishafika, wenye mitaji hujenga zaidi, na kiu ya mji huanza upya. Wenyeji wa huku milimani waliuliza: leo mwachukua Itare, kesho mtachukua mto gani?

HOJA ZA WENYEJI

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kimaumbile, na ndiyo nzito kuliko zote. Kwa kawaida mtu wa juu akitumia maji ya mto, sehemu fulani hurudi mtoni, na wa chini naye akapata. Lakini Nakuru si wa juu wala si wa chini. Haumo katika mto huo kabisa. Maji yakishavuka mgongo wa Mau huingia katika bonde lisilo na njia ya kutokea, ambalo mwisho wake ni Ziwa Nakuru lenye maji ya magadi. Hakuna tone litakalorudi Itare.

Hoja ya pili ilikuwa ya riziki. Mkulima mdogo wa Litein au Kapkatet hupeleka majani yake katika kiwanda kinachohitaji maji kila siku. Ng'ombe wake hunywa mtoni. Chini zaidi, kwa jirani zao Waluo, uko mtambo wa umeme wa Sondu Miriu wenye uwezo wa megawati 60, ambao hautegemei bwawa kubwa bali hutegemea mto kutiririka kama ulivyo. Kiangazi mto ukishuka, umeme nao hushuka. Ndiyo maana malalamiko hayakuishia Kericho na Bomet, bali yaliteremka na mto mpaka pande za ziwani.

Hoja ya tatu ilikuwa ya msitu, kwa kuwa bwawa lilipangwa kukaa mle mle mlimo na chanzo. Na ya nne ilikuwa ya adabu: walisema hawakuulizwa ipasavyo. Bwawa liko katika Kaunti ya Nakuru, na huenda wakubwa waliona inatosha kuzungumza na watu wa kaunti hiyo. Lakini mpaka wa kaunti umechorwa na wanadamu karatasini, mto haukuusoma.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mafundisho yetu huyahesabu maji kuwa ni katika vitu vya ushirika baina ya watu. Na Mtume (S.A.W.) alipoletewa ugomvi wa Zubeir na jirani yake juu ya mfereji wa maji huko Madina, uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kwamba wa juu anyweshe shamba lake, kisha amwachilie jirani maji. Wa juu ana haki ya kuanza. Hana haki ya kuyamaliza.

MAJERAHA YA ZAMANI

Asiyejua historia ya nchi hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu walishtuka upesi. Ardhi bora ya Kericho ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na kuanzia miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakapanda chai katika maelfu ya ekari. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa mbung'o na malaria. Wajukuu wao wangali wakidai haki hata leo. Watu waliokwisha kuona amri ikishuka kutoka juu na kuondoka na ardhi yao, hawahitaji kuelezwa sana kwamba amri yaweza kuondoka na mto pia.

Hata hivyo ukweli una pande mbili, na mwandishi asemaye upande mmoja humdanganya msomaji wake. Msitu wa Mau haukuliwa na bwawa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kutenga maelfu ya hekta za Mau ya Kusini Magharibi na Mau ya Mashariki kwa makao ya watu. Miti ilikatwa, mahindi yakapandwa, nyumba za mabati zikainuka mahali palipokuwa na giza la miti. Baadhi ya waliopata walikuwa maskini wasio na ardhi. Wengine walikuwa wakubwa wenye vyeo. Kamati maalumu ya serikali iliyotoa ripoti yake mwaka 2009 ilionyesha kuwa kiasi cha robo ya msitu ilikuwa imepotea katika muda wa miaka 20 hivi. Mwishoni mwa mwaka huo jamaa nyingi ziliondolewa Mau ya Kusini Magharibi, zikakaa kando ya barabara katika vibanda vya nailoni, watoto wakinyeshewa.

Nao Waogiek, wenyeji wa msitu huo tangu kale, walikuwa wamesukumwa huku na huku, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu huko Arusha ikawapa haki tarehe 26 Mei 2017. Kwa hiyo mkulima wa Bomet aliyepinga bwawa alikuwa na haki ya kusema. Lakini kama ndugu yake alifyeka kichwa cha mto, basi hapana budi hilo nalo lizungumzwe katika kokwet iyo hiyo.

KESI ILIYOAHIRISHWA

Mambo yalikwishaje? Hayakwisha. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya CMC di Ravenna ilifikwa na ukata ikaomba mahakama za kwao ziikinge na wadai wake. Kazi ya Itare ikasimama. Hoja ya wenyeji haikushinda, wala haikushindwa. Mkandarasi tu ndiye aliyeishiwa. Swali la nani aulizwe kabla mto haujahamishwa limebaki pale pale, na siku fedha zitakapopatikana litaamka.

Na sisi je? Mombasa haina mto wake. Tangu miaka ya 1950 tumekuwa tukinywa maji ya chemchemi za Mzima, ambayo ni mvua ya milima ya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkano, na bomba lake hupita katika nchi ya Taita. Kwa miaka mingi watu wa Taita Taveta wamekuwa wakilalamika kwamba bomba lapita kwao nao wana kiu. Kwale nako, katika bonde la Mwache, watu wametakiwa kuyapisha maji ya bwawa ambalo sisi wa mjini tutanufaika nalo. Katika hadithi ya Itare, sisi si wakulima wa Litein. Sisi ni Nakuru.

Hilo halina maana kwamba tusinywe. Lina maana kwamba mnywaji ana deni. Ajue maji yake yatoka wapi, ahimize wenye chanzo waulizwe na wapewe fungu lao kabla ya bomba kupita, na asiyamwage ovyo yakimfikia. Nasi tumefunzwa kutofanya israfu hata mtu akitia udhu kwenye mto unaopita. Wahenga walisema, mkamia maji hayanywi. Atakaye kunywa muda mrefu na akae kikao kwanza na mwenye mto.